Vioo Alivyochagua Papa

Kwa miezi minne wageni wetu waliingia kwa mlango wa jikoni. Nyumba ilikuwa imekwisha: bati liko juu, rangi iko ukutani, mapazia yananing'inia. Ila mbele, pale palipoachwa nafasi ya mlango mkubwa, tulikuwa tumepigilia bati bovu kwa misumari, kwa sababu mimi na bwana yangu hatukuweza kuelewana.

Yeye ni mfanyabiashara. Wazazi wake walitoka Kasai, naye anauza vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi. Mlango wake alikuwa ameuchagua tangu tunachimba msingi: wa chuma, wa mabawa mawili, unaofika ndani ya kontena ukiwa tayari, umejaa maua na kupakwa rangi ya dhahabu. Alikuwa ameuona kwenye nyumba nyingi za Golf, mtaa wa matajiri.

"Muntu akisimama tu ku barabara," aliniambia, "anajua humu munakaa bantu."

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilitaka mbao ya mukula, mti wetu wenye wekundu wa tofali lililoiva, na juu ya mlango nilitaka vioo vya rangi. Nilipokuwa mtoto, kanisani kwetu kulikuwa na dirisha moja la namna hiyo, na kila Jumapili niliwahi ili nikae kwenye benchi ambapo rangi ziliangukia gauni langu. Miaka yote niliyofundisha watoto wa wenzangu jinsi madini yanavyotia kioo rangi, nilijiambia kwamba siku nikijenga, nami nitakuwa na dirisha langu. Hasa buluu. Buluu ya kobalti, inayotoka katika udongo huuhuu tunaoukanyaga.

"Vioo ku mulango?" bwana yangu alicheka. "Mwizi anapiga kiwiko kimoja, anaingia, anajipikia chai."

Basi tukakaa hivyo, kila mmoja na mlango wake kichwani.

Papa, baba yangu mzazi, alikuwa anaishi nasi tangu mama afariki. Alitumikia reli maisha yake yote ya nguvu, kwanza huko kaskazini mwa Katanga nilikozaliwa, kisha hapa mjini. Kazi yake ilikuwa taa na ishara, yaani yeye ndiye aliyeliambia treni lisimame au lipite. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari wa macho hakutuficha: dawa itachelewesha, haitarudisha.

Asubuhi moja nilisikia bati likilia. Nilimkuta Papa amesimama mbele yake, kiganja kinatoka damu. Alikuwa ameona mwanga ukipenya pembeni, akafikiri ni mlango umeachwa wazi, akashika ukingo kwa nguvu.

"Nilitaka kutoka inje kidogo," alisema, kama mtu anayeomba radhi.

Bwana yangu alifika mbio na kitambaa. Kwao mkwe hamkaribii baba wa mke ovyo. Huwa anakaa mbali, anasema kidogo, hali naye sahani moja. Siku ile alipiga magoti sakafuni, akaushika mkono wa Papa, akaufunga mwenyewe. Alipoinuka hakuniangalia.

"Samedi tunaenda," alisema. "Ya chuma, ya mbao, sijue. Mulango ipatikane."

Jumamosi tulikwenda watatu. Kwa seremala, Papa aliomba apewe kipande cha mukula kilichopigwa randa. Akakinusa, akakipapasa kwa mkono ulio mzima, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Hii haiwezi kuoza mbele ya mimi kufa," alisema. "Na mbele yenu pia."

Nilimtazama bwana yangu. Alimgeukia seremala, akauliza bei. Baba mkwe alikuwa amesema. Nakiri nilifurahi kupita kiasi, na nilitazama pembeni ili asinione.

Kutoka hapo tulikwenda Katuba, kwa mama mmoja fundi wa vioo. Alirithi kazi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza madirisha ya makanisa, na baba yake alipokufa watu walidhani atauza vifaa. Hakuuza. Alituonyesha jinsi anavyokata kioo, anavyozungusha utepe mwembamba wa shaba kwenye kila ukingo, kisha anavyounganisha vipande kwa kulehemu mpaka vinakuwa kitu kimoja. Vioo vyenyewe vilisimama ndani ya sanduku, vimetenganishwa kwa vipande vya gunia.

"Muchague," alisema.

Papa alimwomba kiti, akakiweka penye jua. "Munipe moja moja."

Fundi akampa cha kwanza. Papa akakiinua karibu kabisa na uso wake, akageuka kuelekea jua.

"Hii iko nyekundu," alisema. "Nyekundu ya kusimama."

Akapewa kingine. "Hapana. Hii nyekundu iko mulevi. Machinisti hawezi kusimamisha treni ju ya hii."

Fundi alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akaanza kumchagulia kwa makini, naye Papa akawa anapanga mapajani: rangi ya majani, yaani ya kupita; manjano, yaani ya kwenda pole pole. Nilikuwa sijamsikia akisema kwa sauti ile tangu alipostaafu. Mafundi wa jirani waliacha kazi zao wakaja kusimama mlangoni.

Mimi nilikuwa nimeishika buluu yangu. Nilimpa mwisho.

Akaigeuza huku na huku. "Hii iko nyeusi."

"Papa, iko buluu."

"Kwangu iko nyeusi, mama."

Alikuwa akiniita mama tangu nilipozaliwa, maana nilipewa jina la mama yake. Nilikirudisha kioo kwenye sanduku, nikamwambia fundi buluu tuiache. Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini Papa alizoea kusikia treni likiwa bado mbali sana, sembuse sauti ya mtoto wake.

"Uiweke," alisema.

"Hauioni, Papa."

"Taa haionekane mu mwangaza. Inaonekana mu giza. Weka hiyo nyeusi yako pembeni-pembeni, njo ile ingine itaonekana muzuri."

Fundi alichukua chaki, akachora palepale sakafuni: mviringo wa manjano katikati, nyekundu na majani zikitoka kama miale, na buluu ikizunguka yote. Bwana yangu alichuchumaa akautazama mchoro mstari kwa mstari.

"Nitaleta vyuma," alisema. "Vyembamba, vya kuweka nyuma. Vifuate mistari yake, visifunike rangi."

Wiki tatu baadaye seremala alikuwa amekwisha kufunga mlango, na kazi ya vioo ilikuwa tayari. Tuliibeba ndani ya pikapu, juu ya magodoro mawili, tukaenda mwendo wa gari la maiti. Hata hivyo, karibu na kwetu, kwenye barabara inayoelekea uwanja wa ndege wa Luano, gurudumu liliingia shimoni na sote tukasikia mlio mdogo. Mviringo wa manjano ulikuwa umepasuka katikati.

Fundi, aliyekuja kutufungia, aliukagua na kutikisa kichwa. Kingine cha manjano ile hakuwa nacho, na hakujua kitapatikana lini. Tulipoingia uani tuliiteremsha taratibu. Papa akauliza nini kimevunjika. Nilimweleza. Akaenda chumbani kwake akipapasa ukuta, akakaa huko, akarudi amebeba kitu kwenye shati kuukuu.

Ilikuwa taa yake ya kazini. Sikujua kama bado anayo. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, lakini kioo chake, cha mviringo, kinene, cha manjano ya asali, hakikuwa na mkwaruzo.

"Kitaingia?" aliuliza.

"Papa, hapana," nilisema. "Hiyo ni ya kumbukumbu yako."

"Iko mu mufuko miaka yote. Nani anaiona?"

Fundi alikipima kwa vidole. Kilikuwa kidogo kuliko kile kilichovunjika, basi akakizungushia pete ya shaba, pana, akaing'arisha mpaka ikawaka. Alifanya kazi hiyo kwenye baraza yetu hadi saa kumi, na Papa alikaa kando yake akimshikia vipande.

Kesho yake asubuhi, mlango wetu ukiangalia mawio, jua liliingia. Sakafu ya ukumbi ikajaa rangi. Papa alitoka chumbani kwake, akasimama. Kisha akatembea bila kugusa ukuta, hatua kwa hatua, akipita juu ya nyekundu, juu ya majani, mpaka kwenye kitasa. Akaufungua mlango mwenyewe, akatoka nje. Bwana yangu na mimi tulikuwa tumesimama penye mlango wa jikoni.

Tulipowaalika ndugu na majirani kula bukari, ugali wetu wa hapa, walisimama barabarani kwanza, wakiangalia. Walikuwapo wenye milango ya dhahabu kwao, nao waliniomba namba ya simu ya fundi. Nilivimba kichwa, sitaficha. Niliwaeleza buluu ni kobalti na pete ni shaba, vyote watoto wa hapa, mpaka chakula kikaanza kupoa.

Bwana yangu naye alikuwa anawazungusha kaka zake.

"Mi nilisema tangu mwanzo," nilimsikia akiwaambia. "Mukula na vioo. Ile michuma ya kontena, kila muntu eko nayo."

Papa, kwenye kiti chake, alicheka hadi akakohoa. Kaka mkubwa wa bwana yangu akamwinamia kwa heshima.

"Papa, njo weye ulichagua hizi rangi?"

"Njo mimi," Papa alijibu, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Na mukwe wangu njo alileta vyuma. Bila ye, mwizi angekuwa tayari anakunywa chai."

Watu wakapiga makofi. Bwana yangu akainamisha kichwa kama inavyompasa mkwe, lakini nilimwona anatabasamu mpaka masikioni.