Kimya cha Tupa

Dada yangu ni fundi cherehani, na tangu aolewe amekuwa akishona kwa sikio moja. Mumewe hukata miti iliyoegemea nyumba za watu. Kazi ikiwa mtaani, ngurumo ya msumeno wake wa mnyororo humfikia dada dirishani. Ukinguruma, mume yu hai. Ukinyamaza, ananoa: anapitisha tupa jino kwa jino, na dada hupata muda wa kupiga pasi kola moja. Kimya hicho hakikuwahi kumtisha.

Kisha bosi wa shemeji akanunua msumeno unaojinoa. Shemeji alitueleza kwa madaha: kinoo kimefichwa ndani ya kifuniko, ukikandamiza wenzo huku mnyororo unazunguka, cheche zinaruka, na meno yamerudi makali kabla hujapiga chafya.

"Kwa hiyo husimami tena?" dada aliuliza.

"Nisimame nina nini, mama watoto? Labda nikiagiza chai huko juu."

Tulicheka. Dada alichelewa kucheka, nami niliyejidhania mjuzi wa watu nililiona hilo nisilielewe.

Siku ile nilikuwa chumbani kwake, nikingoja suruali ipunguzwe kiuno. Msumeno ulinguruma nyuma ya mtaa, kwenye mti uliolalia paa la zahanati. Ukakatika ghafla. Dada akaondoa mguu kwenye pedali. Mkono wake uliifuata pasi kwa mazoea, ukaishia hewani.

"Hana tupa," alisema.

"Labda mafuta yameisha."

"Mafuta yakiisha hukohoa kwanza. Huu haukukohoa, mdogo wangu."

Hakuvaa viatu. Nilimfuata, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, nikitafuta neno la kumtuliza na kuliogopa kila nililolipata. Hatukusikia kelele za watu. Sikujua kama hiyo ilikuwa heri au shari.

Shemeji alikuwa juu, mzima, amelikumbatia shina. Msumeno ulining'inia kambani, umezimwa.

"Baba watoto, umeumia?"

"Sijaumia." Aliutazama msumeno. "Zamani nikiogopa, nilikuwa nanoa."

Bosi, aliyesimama chini, alisema, "Huo unajinoa wenyewe, bwana. Kata."

Dada alimwinulia mumewe uso. "Tupa yako iko wapi?"

"Kwenye kopo lako la vifungo."

"Mdogo wangu, kailete."

"Tupa hiyo haifai kwa mnyororo huu," bosi alisema.

"Haitanoa kitu. Ataishika tu."

Nilikimbia kama mwizi. Tupa ilipandishwa kwa kamba, na shemeji akakaa nayo kiganjani, macho yamefumbwa, kwa muda wa kola moja. Ngurumo iliporudi, ndipo dada alipotazama miguu yake na kuiona pekupeku.

Siku hizi shemeji hupanda na tupa mfukoni, na msumeno hunyamaza mara nyingi kuliko zamani. Dada hupiga pasi kola yake. Juzi kimya kilirefuka. Nilimwona akiimaliza, akaigeuza, akaanza kupiga pasi kola ile ile upya, bila kunitazama.