Njia ya Yadi Moja

Tangu nilipotoka kwenye chumba cha mtihani sikuweza kukaa kitako. Tulikuwa wasichana wawili tu darasani, shule ya misheni pale Tororo enzi za Mwingereza, na chuo cha ualimu kilikuwa na nafasi ya msichana mmoja. Atakayeikosa angerudi kwao kulima. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba kwetu Kirewa sirudi.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Shamba la pamba ni mstatili, urefu umezidi upana kwa yadi sita, eneo lake ni yadi za mraba mia mbili na themanini. Tafuta upana. Nilitabasamu, mjinga mimi! Kwetu shamba huhesabiwa pale palipopandwa, na kuzunguka pande zote huachwa njia ya yadi moja, majirani wapite. Basi upana nikauita x, nikatoa yadi mbili za njia, na urefu nao nikautoa mbili. X toa mbili, mara x jumlisha nne. Mlinganyo ulikubali bila kinyongo, ukanipa kumi na sita na hasi kumi na nane. Hasi nikaitupa.

"Kumi na nne," mwenzangu alisema tulipofika nje.

Nilimkatalia kwa ukali, kisha nikamvuta mkono hadi kwa mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa Busia, upande wa Kenya. Alichora mstatili mavumbini kwa kijiti.

"Hiyo njia umeitoa wapi?"

"Shamba haliwezi kukosa njia, mwalimu."

"La mtihani linaweza, binti yangu. Hawakuitaja."

Wiki tatu za kungoja majibu zilinitesa. Usiku nilihesabu upya, mchana nilipima ua wa bweni kwa hatua, nikapoteza hamu ya kula. Nilimchukia mwenzangu kwa utulivu wake, na hakuwa na kosa lolote. Barua ilipofika, jina lililosomwa lilikuwa lake.

Nilirudi Kirewa na hasira ya kuvunja vyungu. Mvua zilipoanza nililima shamba la mama hadi ukingoni kabisa, njia nayo nikaigeuza matuta, nikaipanda pamba.

Asubuhi moja jirani yetu, mama mmoja Mteso, alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akasimama mbele ya matuta yangu.

"Mtoto, sasa mimi napita wapi?" aliuliza.

Hakuwa na hasira hata kidogo, alitaka tu kujua. Shingo ilikuwa ikimtetemeka kwa uzito. Nilitaka kumwambia kwamba shamba halina njia, kama lile la mtihani. Badala yake nilipiga magoti nikaanza kung'oa miche yangu mmoja mmoja, nikilia kwa sauti, naye akinifuata nyuma hatua kwa hatua.