Kimeondoka, Ukurasa wa 88

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mwanamke mwenye vazi la bluu la kazi anapiga deki ukumbi wa maktaba. Ameanzia mlangoni, anarudi kinyumenyume kuelekea rafu za hadithi. Kila funguo zikilia huko nje anasimama, tambara likimchuruzikia maji viatuni.

Leo hasomi. Saa tatu ataitwa ofisini aambiwe kama bado ana kazi.

"Tangu juzi nashtuka ovyo," anasema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho. "Mtu akikohoa tu, nadhani ananiita mimi."

Ana miaka thelathini na moja. Hapa wanamwita Dada Ndoo, naye ameshazoea kuitika. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipougua, na kwa miaka mingi baada ya hapo, anasema, alisoma vibao vya maduka na maandishi ya pakiti za sabuni, basi.

Kampuni ya usafi ilimleta maktaba miaka miwili iliyopita. Siku moja aliinua kitabu apanguse vumbi, kikafunguka. Alisoma mistari miwili akiwa wima, kisha akaifudikiza ndoo, akaikalia.

Tangu Januari ya mwaka jana akawa anafika saa nzima kabla ya muda wake. Anamaliza usafi mbio mbio, halafu anasoma mpaka saa mbili, mlango unapofunguliwa. Mlinzi, mzee mwenye utani, humuuliza kila asubuhi: "Leo umefagia mpaka ukurasa wa ngapi?" Dada yake, anayeishi naye, hakuona la kuchekesha. Alimwambia tu kwamba kitabu hakichemki sufuriani.

Ili asisahau alivyosoma, alinunua daftari. Mwaka mzima aliandika humo vitabu thelathini na saba. Ishirini na tatu alivimaliza. Lakini hana kadi ya msomaji, haruhusiwi kuazima, na kitabu cha maktaba hakimngoji mtu. Mara kumi na nne alifika asubuhi akakuta pengo kwenye rafu. Basi aliandika jina la kitabu, ukurasa alioishia, tarehe, na neno moja: kimeondoka.

Neno hilo ndilo lililomponza.

Juma lililopita maktaba ilifungwa siku mbili kwa hesabu ya vitabu ya kila mwaka. Vitano havikuonekana. Karani akaingia stoo ya mafagio kutafuta tambara, akaliona daftari nyuma ya kopo la sabuni. Vyote vitano vilikuwemo, kila kimoja na tarehe yake, na pembeni, kwa mwandiko wa Dada Ndoo: kimeondoka.

Mkutubi mkuu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, akamwita.

"Binti, viliondoka kwenda wapi?"

"Sijui, mzee."

"Viliondoka na nani?"

Dada Ndoo akapiga hesabu. Akieleza, atakuwa amekiri kwamba anasoma, na mkataba wake unasema mtu wa usafi hagusi kitabu ila kwa kukipangusa vumbi. Aliona shimo mbele na shimo nyuma. Akanyamaza, na kimya chake kikamfanya afanane na mwizi.

Siku hiyo hakugusa chakula. Dada yake alikifunika sahani, akakaa karibu naye, na safari hii hakumkejeli.

"Mdogo wangu, usiposema wewe, watakusemea."

Saa tatu kamili anaitwa. Ofisini yupo mkutubi, yupo na msimamizi wa kampuni ya usafi, barua mbele yake na kalamu mkononi. Daftari limefunguliwa katikati ya meza. Dada Ndoo anasimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Mkutubi hamwulizi habari za wizi. Anaweka kidole kwenye mstari mmoja: hadithi ya mchimba visima aliyefukiwa chini ya ardhi, ukurasa wa 88, kimeondoka. Anasema hadithi hiyo aliipenda sana ujanani. Kisha anauliza taratibu:

"Hebu niambie, uliona vipi alivyotoka mle kisimani?"

Dada Ndoo anainua macho kwa mara ya kwanza.

"Kwani alitoka?"

Kalamu ya msimamizi inasimama.

"Niliishia kamba inatikisika," anaendelea, na sasa maneno yanamtoka yenyewe. "Nikaja asubuhi, hakipo. Miezi saba, mzee, namwaza yule mtu kule chini."

"Mtu haibi kitabu akaishia ukurasa wa 88," mkutubi anamwambia msimamizi.

Analivuta daftari kubwa la kuazimia, analiweka sambamba na lile dogo. Vitabu vinne viliazimwa siku moja kabla ya tarehe alizoandika Dada Ndoo, na wasomaji wenye majina na kadi. Hawakuvirudisha, na karani hakuwafuatilia. Cha tano, kile cha mchimba visima, hakimo popote.

Msimamizi anaikunja barua ya kufukuza kazi, lakini haichani. Anaitia mfukoni. Anasema kugusa ni kugusa, na hicho cha tano kisipopatikana hadi mwisho wa mwezi, watakaa tena.

Zimebaki siku kumi na tisa. Dada Ndoo amerudi ukumbini, na funguo zikilia bado anashtuka. Mkutubi alitaka kumsimulia mwisho wa ile hadithi, yeye akamwomba asimwambie.

Mfukoni mwa vazi lake kuna fomu ya kadi ya msomaji. Penye mdhamini pana sahihi ya mkutubi. Penye kiwango cha elimu bado ni peupe, anaona haya kupajaza. Mlinzi amemshauri aandike "ukurasa wa 88".

Anacheka kidogo, akiwa amefunika mdomo.

Daftari jipya ameshanunua. Neno lile ameapa hataliandika tena. Mstari wa kwanza ni wa mchimba visima, na mwisho wa mstari ameandika: nakisubiri.

"Nataka nisome mchana, watu wakiniona," anasema, akikamua tambara. "Nikae kwenye kiti, siyo kwenye ndoo. Nijue alitokaje."