Damu ya Mama Haikusahau Maziwa

Mwaka wa 1998, hapa Kitengela, mama yangu Mwongeli aliugua brusela, ile homa inayoletwa na maziwa mabichi. Alipopona alimlaumu mtu mmoja tu: jirani yetu Naisiae, aliyekuwa akimletea kibuyu cha maziwa kila asubuhi, naye mama akiyanywa papo hapo kwa heshima. Akamfungia mlango. Miaka sita tukanywa maziwa ya pakiti, na ole wako ukilalamika.

Halafu magoti yakaanza kumuuma. Akapimwa damu, brusela ikaonekana tena. Mama akawaka: "Na sijaonja hata tone!"

Wanyonyi wa maabara akamkalisha chini. "Mama, ulishapona. Mwili ukivamiwa hutengeneza kinga za aina mbalimbali. Zile zinazotangulia huna tena. Kipimo kimeona zile zinazobaki, zinazozijua protini za huyo bakteria miaka na miaka. Magoti ni uzee tu."

Mama alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakasema amina. Njiani akasema, "Damu yangu inakumbuka bila kununa. Mimi je?"

Hatukupitia nyumbani. Tulienda kwa Naisiae.

"Takwenya," mama akamsalimu kwa Kimaasai, sauti ndogo.

"Iko," Naisiae akaitika, kana kwamba waliachana jana, akammiminia kikombe cha maziwa. Yalikuwa ya moto.

"Tangu uugue nachemsha," alisema. "Watu wa boma hunicheka. Lakini sikujua ni siku gani utarudi."