Ovaroli ya Ayo

Harufu ya unga wa mahindi unaotoka kwenye mashine ukiwa bado moto, ikichanganyika na moshi wa dizeli, hunifanya mpaka leo nishike pindo la nguo yangu. Mimi ni mtu mzima sasa, nimemaliza shule ya jioni kwa alama zilizomfanya mwalimu asome jina langu mara mbili, lakini nikipita karibu na mashine ya kusaga hapa Isiolo hujikunyata kama mwizi anayeficha kuku.

Mama yangu, niliyemwita Ayo, yaani mama kwa Kiborana chetu, alifanya kazi kwenye mashine kama hiyo nyuma ya soko. Mwenye mashine alikuwa Baba Kendi, Mmeru mwenye sauti ya kuweza kuita ng'ombe walioko Kinna. Mashine ikiwashwa, wallahi, ngamia wa Gotu walisimama kusikiliza. Kutoka kwenye injini hadi kwenye kinu ulipita mkanda mpana mweusi, ukizunguka wazi bila kifuniko chochote. Nilikuwa na miaka minane hivi, na niliamini kabisa kwamba ule mkanda ulikuwa hai na ulinijua kwa jina.

Baba Kendi alikuwa na sharti moja. "Mama Qabale," alimwita Ayo kwa jina langu, "mashine haijui dini wala kabila. Hapa hakuna nguo ya kupepea." Akampa ovaroli ya bluu iliyofifia. Kila asubuhi Ayo alitoka nyumbani na dera na mtandio kama wanawake wengine, akifika akaingia nyuma ya magunia, akatokea huko amekuwa fundi wa lori. Mikono ya ovaroli aliifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, na kichwa akakikaza kitambaa mpaka nyusi zikahamia juu.

Wanawake waliokuja kusaga hawakuacha kumtania. "Salaam aleikum, bwana fundi. Mke wako hajambo?"

"Hajambo," Ayo alijibu akipima mahindi, "nimemtuma chai, naona amepotea."

Wakacheka wote. Lakini mama mdogo Habiba, aliyekuja kutoka Kinna kwa harusi ya jirani yetu, hakucheka. Usiku ule jikoni alimwambia Ayo, "Dada, mpaka kwetu wanasema unavaa suruali mbele ya wanaume. Mimi uso wangu nitauweka wapi?" Ayo akaendelea kukoroga uji. 

Asubuhi ya harusi Baba Kendi alikuwa safarini. Ayo alitaka kumalizia mahindi ya wateja wachache tu, kisha twende harusini. Alifika amevaa dera lake la manjano, jipya, refu, na hakuingia nyuma ya magunia. Mimi na mama mdogo tulikaa kando kumngoja. Nilikuwa nimeutumbulia macho mkanda, maana niliona kama unamtazama.

Aliinama kumimina debe la mwisho. Upepo wa mkanda ukainua pindo, mkanda ukalilamba, ukaliachia, halafu ukalishika. Sikumsikia Ayo akilia. Katika mngurumo ule hata radi ingepita kimyakimya. Niliona tu mwili wake ukivutwa, na mikono yake ikitafuta kitu cha kushika, na kitu hakuna. Nilitaka kumkimbilia.  Badala yake nilijikojolea juu ya gunia la watu, nikafumba macho, kwa sababu nilijua nikiyafumbua sitakuwa na mama.

Nilipoyafumbua, mama mdogo alikuwa amemkumbatia Ayo kiunoni, ameketi chini kabisa, amekaza visigino kama anayevuta ng'ombe kutoka kwenye tope. Dera likapasuka toka begani hadi chini. Mkanda ukalimeza lote, ukasongwa, ukaruka kutoka kwenye gurudumu lake na kuanguka sakafuni kama nyoka aliyekufa. Injini ikabaki kunguruma peke yake.

Ayo alisimama na gagro tu, ile sketi ya kuvaa ndani ya dera, mweupe kwa unga, bega likivuja damu. Mama mdogo akavua mtandio wake wa harusi, akamfunika. Harusini hatukwenda.

Kesho yake Ayo alivaa ovaroli nyumbani kwetu, mchana kweupe. Mama mdogo ndiye aliyemfunga mipira mikononi. Aliivuta kuijaribu, akaifungua, akaifunga upya. Tukatoka watatu, tukashika barabara ya soko. Mkono wa Ayo, niliokuwa nimeushika, ulitetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Nilidhani anaogopa mkanda, kama mimi, na niliamini hivyo kwa miaka mingi.

Ukubwani ndipo nilipoirudia ile njia kichwani, nikaona kwamba mashine ilikuwa bado mbali, hata kuwashwa ilikuwa haijawashwa. Tulikuwa tunapita mbele ya vibanda vya akina mama wa miraa, nao wote walikuwa wamenyamaza, wanamtazama. Tulipofika, Ayo alishika mpini wa kuwashia injini, na mkono wake ukatulia.