Bastola Isiyofyatuka Mpaka Ukae

Kaka yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa makochi. Ukimletea kochi lililobonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, alilipindua, akachana kitambaa cha chini, akakaza mikanda na kubadilisha springi zilizolegea. Ulichoka kumsubiri, lakini ukishalikalia hukutamani kuinuka. Kwa mwendo wake huo wateja walimwita Taratibu. Na tangu moyo ulipoanza kumsumbua, alikuwa pia mtengenezaji wa silaha.

Daktari alimkataza kunyanyua vitu vizito, na kochi ni kitu kizito. Akabaki nyumbani akishona matakia mpaka matakia ya mtaa mzima yakaisha. Ndipo akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaingia, kwa jina lile lile la Taratibu, kwenye mchezo mmoja wa mtandaoni ambao watu huishi humo kana kwamba ni miaka elfu mbili ijayo, katika miji inayoelea angani. Humo kila mtu sharti awe na kazi, na aongee kama mtu wa kazi hiyo. Wengi huchagua urubani, ujasusi au uharamia. Kaka alitafuta ufundi makochi, hakuuona. Akachagua karakana ya silaha za mkononi, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na springi.

"Springi ni springi," aliniambia. "Ya kochi inakurudisha wewe juu, ya bastola inamrudisha mwenzako chini."

Mchezo ule unamruhusu fundi kuiwekea silaha yake masharti. Hii itambue kiganja cha mwenyewe, ile isifanye kazi kwenye baridi. Kaka akatengeneza bastola ya miale, nyepesi, ambayo shabaha yake haikosi hata ukiwa chongo, akaiwekea sharti moja tu: haifyatuki mpaka aliyeishika awe ameketi. Dini yetu imetufundisha tangu utotoni kwamba mtu akipandwa na hasira naye amesimama, na akae. Isipomtoka, na alale. Hilo la kulala kaka alisema analiweka akiba kwa ajili ya mizinga.

Watu walicheka, wakanunua, maana shabaha ile haikuwa na mfano. Basi wakaanza kwenda vitani na viti. Mwanzo vilikuwa vigoda, kisha makamanda wakaja na viti vya kuegemea. Majeshi mawili yalifika uwanjani, yakapanga viti, yakaketi yakitazamana kama watu waliokuja kuposa. Kukawa na kikosi cha pikipiki za angani ambacho, kwa kuwa kimeketi muda wote, kilimshinda kila mtu, mpaka kaka akaongeza kwamba hicho kiti nacho kiwe kimetulia. Mafundi wenzake wa humo, aliokwisha kuwasimulia kazi yake ya zamani, wakamshutumu: "Wewe Taratibu ni fundi makochi! Umetengeneza bastola ili uuze viti!" Kaka aliapa kwamba hajauza hata kigoda. Baadaye aliniambia kwamba wazo lenyewe lilikuwa zuri, basi tu halikumjia.

Taabu ilianzia nyumbani. Mama alikuwa akipita mlangoni pa chumba cha kaka akamsikia akisema, "Bastola zako ziko tayari, leta vijana wako wazichukue." Akaingia bila kubisha hodi.

"Ni mchezo tu, mama," kaka akamwambia. "Hawafi kweli. Wakipigwa wanaamka tena."

"Kufufua ni kazi ya Mungu, siyo ya kompyuta! Wanakulipa?"

"Hawanilipi hata senti."

"Bure? Yaani mwanangu unagawa silaha kwa kujitolea?"

Tangu siku hiyo kaka akimpa shikamoo, mama aliitikia marahaba akiuangalia ukuta. Mimi nilijaribu kumtetea, nikaambiwa nikaoshe vyombo.

Kisha daktari akasema moyo hauna budi kupasuliwa. Kaka hakuogopa kisu. Aliogopa kulala juu ya kitanda kile bila radhi ya mama yake, na sisi tuliolelewa katika dini tunajua uzito wa jambo hilo. Akamwendea jikoni, akamwomba.

"Kawaombe radhi hao unaowatengenezea silaha," mama akasema.

"Njoo uone kwa macho yako, mama. Ukiiona dhambi, naifunga karakana leo hii na natubu mbele yako."

Mama akakubali, nadhani kwa sababu ya neno kutubu. Baada ya sala ya alasiri akaketi kwenye kochi mbele ya kompyuta, akavaa vipokea sauti vyenye maikrofoni juu ya mtandio, na spika ikaachwa wazi ili nasi tusikie. Kaka akamchagulia mwili wa kutumia humo ndani: bibi mmoja aliyepinda mgongo. Tukamwona bibi huyo kwenye kioo akitoka karakanani na kuingia barabarani, katikati kabisa ya vita.

Upande mmoja aliketi Kamanda, jitu lenye mkono wa chuma, na askari wake nyuma yake kwenye vigoda. Ng'ambo waliketi maadui zao.

"Bibi, pisha!" Kamanda akanguruma. "Unaniziba!"

"Hujanisalimu, unanipigia kelele?"

"Bibi, hapa ni vitani."

"Vitani ndiko kusikokuwa na adabu?"

Mmoja wa ng'ambo akacheka. "Kamanda, leo umeyakanyaga!"

Kamanda aliona aibu, akataka kujikakamua. "Na huyo fundi wako mwambie makochi yake akawauzie maiti!"

Hakujua alilolisema, wala hakujua habari za kisu. Lakini mama alibadilika rangi.

"Nipe bastola," akamwambia kaka.

"Mama!"

"Nimesema nipe!"

Kaka hakuwahi kumnyima mama kitu. Akampa. Bibi yule akamlenga Kamanda, mama akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mbovu hii!"

"Si mbovu, mama. Mpaka ukae."

"Si nimekaa!" Na kweli alikuwa amekaa, tena kwenye kochi alilolishona kaka mwenyewe.

"Ukae humo ndani, mama."

"Nikae wapi? Kiti kiko wapi?"

Viti vyote vya mtaa ule vilikuwa chini ya majeshi. Mama akabonyeza kila kitufe alichokiona, na bibi wa watu akawa anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, bastola mkononi. Kuchuchumaa, kaka alikwisha kuamua zamani, si kukaa.

Kamanda alimtazama kwa muda. Tukamsikia akikohoa. Kisha jitu lile likasimama, likakiokota kigoda chake, likakifuta, likakiweka mbele ya bibi.

"Kaa hapa, bibi. Nisamehe, ulimi umeteleza."

"Kamanda, rudi ukae!" askari wake wakapiga kelele. "Huna silaha sasa!"

"Kwa hiyo mimi nikae, bibi asimame? Nyinyi mmezaliwa na nani?"

Mama akaketi. Taa ndogo ya bastola ikawaka kijani. Kamanda alisimama mbele yake mikono ikining'inia, na shabaha ile, kila mtu alijua, haikosi. Nilikuwa nasikia kaka anavyohema. Mama akalenga. Akashusha. Akalenga tena, kisha akatugeukia sisi kwa hasira ya mtu aliyepunjwa sokoni.

"Sasa nitampigaje mtu aliyenipisha kiti?"

Akairudia kompyuta. "Wewe kijana, umekula?"

"Bado, bibi. Tuko vitani tangu mchana."

"Nenda kale. Na hao wenzako."

Wakaenda. Pande zote mbili.

Mama akavua vipokea sauti. "Hilo la kukaa umeliweka wewe?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Ili mtu apate nafasi ya kujirudi."

Mama akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Halafu akamwekea kaka kiganja kichwani. "Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera. Lakini vigoda vyao ni vibovu, vinaumiza. Watengenezee viti vya maana." Kaka alicheka huku machozi yakimtoka, mkono umeshika kifua.

Wiki ile ile akapasuliwa. Hakuamka. Mola aliyetupa ndiye aliyemtwaa.

Siku ya msiba alikuja nyumbani sheikh ambaye hakumfahamu kaka. Kabla ya kuomba dua akamwuliza mama kwa upole, marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Nikafungua kinywa niseme makochi.

"Silaha," mama akasema. "Alitengeneza silaha, na watu wengi sana walizichukua."

Nikamnong'oneza, "Mama, mweleze vizuri." Akanifinya goti. "Nyamaza."

Sheikh akainua mikono. Akamwombea kaka maghfira, akaomba tena, akaombea na wale waliozichukua, akaomba kwa machozi, dua ndefu ambayo sijapata kuisikia kwenye msiba wowote, mpaka waliokuwapo wakachoka na kushusha mikono mmoja mmoja. Mama hakushusha yake. Kila sheikh alipovuta pumzi, yeye aliitikia amin kwa sauti ya kushinda sisi sote, kama mtu anayesimamia mzigo wake usiachwe hata kifurushi kimoja.