Sehemu ya Pili, Bila Kuambiwa Njia

Mdogo wangu hakutaka sehemu ya kwanza.

"Hiyo najua kwa kichwa," alisema. "Nikishinda utasema ni kukumbuka tu. Nataka ile ya pili."

Ni mchezo wa zamani wa mashine ya dukani, ile unayoichezea ukiwa umesimama. Kinyama cha rangi ya chungwa kinaokota mbegu vichochoroni huku vivuli vikikifukuza. Katika sehemu ya kwanza kuta hazisogei. Katika ya pili zinafunguka na kujifunga zinavyotaka, na asiyeona hawezi kuzikariri. Ndiyo maana akaichagua. Kisukari kilikuwa kimemla macho. Daktari alishasema yote mawili yamekwisha, na yeye akakataa. Jicho la kushoto bado linaona mwanga, alishikilia hivyo. Pikipiki yake ya boda ilikuwa imeegeshwa uani kwetu Wabera, na kila aliyekuja na maneno ya kuiuza alifukuzwa na matusi.

Mimi si mtu wa subira. Nilimwambia anatupotezea mchana. Kisha nikamshikisha ncha moja ya fimbo, nikashika nyingine, tukaenda.

Mashine hiyo iliingia mjini serikali ya kaunti ilipoanza, wakati kila mtu alikuwa akifungua biashara. Tulikuwa watu wazima tayari, mimi na mtoto mgongoni, na bado tuliicheza kama wendawazimu. Yeye alishika kijiti cha kuongozea, mimi nikamtazamia vivuli. Kulia na kushoto vilitukoroga tukiwa na haraka, kwa hiyo tukatumia majina ya mahali pande za kwetu: juu ni Marsabit, chini Meru, kulia Kinna, kushoto Burat. Nilikuwa nikipiga kelele "Burat, Burat, Meru!" hadi wapita njia wakadhani naita abiria.

Siku hiyo tulikuta chumba cha mashine kitupu. Mwenye duka alituwashia, akatuomba tumwangalizie, akatoka kutafuta miraa. Spika ya mashine ilikufa zamani, na kinu cha dizeli cha jirani kilinguruma hadi ukuta ukatetemeka.

Raundi ya kwanza nilimwongoza. "Kinna. Marsabit. Kinna tena." Tukapita. Alicheka, nami nikacheka, na kwa dakika hiyo nilimchukia daktari kwa moyo wote.

"Sasa nyamaza," akasema. "Hii nacheza mwenyewe. Usiniambie kitu, dada, hata nikigonga ukuta."

Kinyama kilikwenda moja kwa moja ukutani, kikabaki hapo kikisukuma, kivuli kikaja kikakibeba. Cha pili kikafa vilevile. Alikuwa ameinamia kioo, pua karibu iguse, shingo ameigeuza ili jicho la kushoto litangulie.

Alikuwa bado na kinyama kimoja pale kioo kilipozimika. Taa ya duka nayo ikazimika. Stima ilikuwa imepotea, jambo la kawaida kwetu. Kinu cha jirani kikaendelea kunguruma. Nikafungua mdomo nimwambie.

"Naona," akasema.

Mkono wake mmoja ulikuwa ukisogeza kijiti taratibu. "Wallahi dada, iko hapa. Ile rangi ya machungwa. Inaenda hivi." Kidole cha mkono wa pili kikafuata njia juu ya kioo cheusi, kikakata kona, kikashuka. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu augue.

Moyo wangu ulivunjika pale pale, nasema bila aibu. Nilitamani kumwachia hiyo furaha. Lakini angetoka hapo, afike nyumbani, aombe ufunguo wa pikipiki.

"Stima imepotea," nikasema.

Kidole kikasimama. Akageuza uso kunitafuta, akakosea, akautazama ukuta.

"Imepotea saa ngapi?"

"Kabla hujasema unaona."